Re: Namba za kwenye tairi, 195/65R15 91H

Mkuu hizo namba ulizouliza ni rahisi, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu yaani asilimia 65 ya huo upana, R ni radial, yaani nyuzi za ndani ya tairi zimepita kukatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, 15 ni saizi ya rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito, maana yake tairi moja inabeba kilo 615, H ni spidi, mwisho kilomita 210 kwa saa.

Ila kwa vile unapiga Tabora Urambo na mzigo, mi naomba sana uangalie tarehe ya kutengenezwa, tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi halafu tarakimu 4 za mwisho, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, hiyo hata kama kashata (yale meno ya tairi) bado nzima usichukue, mpira umeshakauka na jua letu hili itakupasukia njiani. Na ile namba ya uzito usishuke chini ya 91.