Mkonge, si ngoma: ushauri kwa mwandishi anayetafuta asili yake

Nyanya mzaa baba alikuwa na michoro ya chale mashavuni. Sisi wajukuu tukiuliza, alisema ni ugonjwa wa utotoni. Akafa na jibu hilo hilo.

Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, ambao serikali ilikuwa haijawatambua kuwa raia, walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Nikaona picha za wazee wao kwenye runinga ya ofisini, na mashavu yalikuwa yale yale. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kuandika habari za mikutano ya kaunti, ambazo hata mimi mwenyewe sikuzisoma. Nikaomba nitumwe Msambweni, huko huko Kwale. Mhariri alidhani nafuata habari, kumbe namfuata nyanya.

Makala ya kwanza ilisifiwa, nami naiona aibu hadi leo. Nilijaza vinyago, chale za usoni na ngoma. Niliporudi kijijini, mzee niliyemhoji alisubiri nimwamkie, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mimi nilikwambia mkonge, wewe ukaandika ngoma."

Kweli alikuwa ameniambia. Wazazi wake walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge enzi za Mwingereza. Yeye amezaliwa hapa, ila hana kitambulisho, kwa hiyo hata laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani. Jirani alipohama, pesa za kwenye simu zilihama naye. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari langu. Niliyaruka kwa sababu hayakuwa yanamhusu nyanya.

Kwa hiyo, kama nawe unaandika kuhusu watu unaohisi ni wako, weka madaftari mawili. Moja la yale wanayokueleza, la pili la yale yanayokuchoma wewe. Usiku utaona ni lipi limejaa haraka.

Jitambulishe mzima mzima. Siku hizi nasema: nyanya yangu alikuwa Mmakonde, lakini mimi nilipata kitambulisho nikiwa na miaka 18 bila kusumbuliwa na mtu. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu kutamka, na ndiyo inayofanya watu waache kunipa hadithi za kumfurahisha mgeni. Na jina la mtu asiye na karatasi usiliandike kwa haraka, hata akikuruhusu. Wewe ukishapanda matatu, yeye ndiye atakayekutana na polisi njiani.

Februari 2017 Wamakonde walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Siku za shangwe magari ya vyombo vya habari huwa hayahesabiki (nasi tulikuwamo, tukigombania kivuli). Rudi baada ya miezi sita, uulize habari za ardhi.

Nilidhani kazi hii ingenipa kabila. Haikunipa, maana Kimakonde sijui hata kusalimia. Kilichobaki mkononi ni swali moja nililolipata kwa yule mzee: "Mlikuwa mkitumia jina la nani?" Miaka michache baadaye nililiuliza kwa wavuvi wa Kipemba huko Kilifi, kabla serikali haijawatambua nao kuwa kabila la Kenya mwaka 2023. Walitazamana, wakacheka, kisha wakazungumza hadi maji yakajaa: leseni ya uvuvi kwa jina la rafiki, mtoto shuleni kwa jina la shemeji. Mwandishi mwenzangu aliyekwenda na karatasi ya maswali 20 aliondoka na nukuu mbili.

Mwaka jana nikamuuliza baba swali hilo hilo. Hakujibu. Aliingia chumbani, akatoka na kitambulisho cha nyanya kilichofungwa kwenye kipande cha leso. Picha ni yake, mashavu ni yake. Jina lililoandikwa pale sijawahi kulisikia nyumbani kwetu.