Kundi linakwisha? Wachukue watu wako

Makundi ya mtandaoni ya wakusanyaji wa stempu, ambayo sisi wa Mji Mkongwe tuliyaingia kwa kulipia saa kwenye intaneti kafe, mengi hayapo tena. Mitandao iliyoyabeba ilifungwa: GeoCities 2009, Orkut 2014, Yahoo Groups 15 Desemba 2020. Mengine hayakufungwa na mtu: watu walihamia Facebook na WhatsApp, yakabaki matupu. Kwa hivyo ukiona kundi lako linapoa, liwe la stempu, la taarab au la redio za masafa mafupi, usijichoshe kulifufua. Wachukue watu wako.

Anza na anwani. Jina analojiita mwenzio mtandaoni halitoshi, na barua pepe nazo hubadilika. Muulize jina kamili, namba ya simu, na barua inamfikia wapi. Nawe mpe S.L.P. ya nyumbani kwenu.

Kisha muwe na jambo la kufanya pamoja, maana salamu tupu hazidumu. Mimi na bwana mmoja wa Maskati tumeshikana kwa stempu za 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari mwaka ule, stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa maneno JAMHURI 1964 zikaendelea kutumika. Nyingi ziligongwa hapa hapa kwa mkono, ndiyo maana kwenye nyengine maneno yamelala upande au yamepinduka. Akipata moja ya ajabu hunitumia picha, tukabishana mpaka usiku kama ni ya kweli au ya kughushi. Wazee wake walitoka Unguja, na juu ya mwaka ule mimi na yeye hatuna kauli moja. Lakini stempu imetupa pa kuzungumzia bila ya kuvunjiana heshima, na mapenzi yetu yamezidi.

Linalonikaa moyoni zaidi ni hili: watu wa nyumbani kwa mwenzio wakujue. Kundini kwetu alikuwapo bibi mmoja wa Uingereza, bingwa wa zile stempu za India zilizopigwa jina la Zanzibar juu yake mwaka 1895. Alitufundisha mengi, kwa subira kubwa. Siku zikapita bila ya neno lake, na hapakuwa na mtoto wala jirani tuliyemjua wa kumuuliza. Mpaka leo namtaja kwenye dua zangu bila ya kujua kama yu hai. Kwa hivyo zungumza na mwanawe au mkewe kwenye simu, japo kidogo. Sikukuu ikifika, peleka salamu kwa nyumba nzima. Na jina lake liandike kwenye daftari ambalo wenzio wa nyumbani wanajua lilipo, ili siku yako ikifika naye apate habari.

Jambo la kuwarundika wote wa zamani kwenye kundi jipya la WhatsApp silipendi. Baraza likivunjika, wawili watatu waliokuwa wakielewana hutafuta pao pa kukaa, na hao wanatosha.

Kama kundi bado lipo, nakili leo mazungumzo yenye ujuzi, hasa picha za kulinganisha mihuri. Halafu nenda Posta ya Shangani, umwandikie mmoja wao barua ya karatasi. Bandika stempu nzuri, na umuombe karani aigonge mhuri taratibu, tarehe isomeke.