Maswali ya wasomaji: Nesi mzoefu, mbona mtihani wa Core umenigomea?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni nesi aliyesajiliwa, RN, niko Texas, kwenye nasing homu (nyumba za kulea wazee na wagonjwa) nimefanya kazi miaka na miaka tangu nikiwa CNA, msaidizi wa nesi, nikamaliza na masaa yangu ya AIT, yale mafunzo ya uadministreta ya kazini, basi nikajiambia huu mtihani wa leseni ya uadministreta hauwezi kunitisha. Ni mitihani miwili, nimekaa yote, ule wa NHA wa nasing homu zenyewe nimepita vizuri tu ila ule wa msingi, Core, nimepata 108 na wao wanataka 113. Pointi tano dada! Na kuna vijana niliosoma nao, hata kumgeuza mgonjwa kitandani hawajui, wamepita. Nirudie haraka kabla sijasahau au nifanyeje? – Nesi wa Texas

JIBU: Pole sana mdogo wangu, ila usikimbilie kurudia. Hizo tano zako kwanza sio maswali matano, manake 113 sio idadi ya maswali wala sio asilimia, ni alama iliyopigiwa hesabu upya ili aliyepata karatasi ngumu kidogo na aliyepata nyepesi kidogo wapimwe sawa, kwa hiyo huwezi kujua ulikosa mangapi na kukaa kuhesabu hivo kutakuumiza kichwa bure. Chukua ripoti yako ya matokeo uangalie eneo ulilolegea. NAB, umoja wa bodi za leseni unaotunga mtihani, wamegawa maarifa kwenye maeneo manne: huduma kwa mkazi, uendeshaji, mazingira na ubora, halafu uongozi na mikakati. Mi naweka dau, eneo lako ni uendeshaji. Huko ndo zimekaa pesa na mambo ya wafanyakazi, na manesi wengi wanapita hapo wamefumba macho wanasema hayo ni ya watu wa ofisi, sasa ofisi yenyewe si ndo unayoiomba?

Anza na pesa. Hesabu zake sio ngumu, ni kugawanya na kuzidisha tu, ila lazima ujue unagawanya nini kwa nini. Tuseme nyumba ina vitanda 100, mwezi una siku 30, hapo una siku za wakazi 3,000 kama vyote vimejaa. Mwezi ukaisha na siku 2,700, ujazo wako ni asilimia 90. Matumizi ya mwezi huo yakiwa dola 810,000 unagawanya kwa zile 2,700, sio kwa 3,000 (hapo ndo wanakunasa), unapata dola 300 kwa mkazi kwa siku, na hiyo gharama ya mkazi kwa siku ndo lugha ya administreta kila kukicha. Jua pia tofauti ya kuandika mapato siku huduma imetolewa na kuyaandika siku hela imeingia, kwa sababu Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, hawalipi siku hiyo hiyo na nyumba inaweza kuonekana ina faida kwenye vitabu huku benki hamna ya mishahara. Ukijua na kupima mali za muda mfupi dhidi ya madeni ya muda mfupi, umeshafika mbali.

Upande wa wafanyakazi shika nani analindwa na nini. FMLA, sheria ya likizo ya familia na ugonjwa, ni wiki 12 za likizo bila malipo, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea, na mfanyakazi awe amefanya miezi 12 na masaa 1,250. Sheria ya kutobagua kwa umri inaanzia miaka 40 na mwajiri wa watu 20, wakati ya ulemavu na ile Title VII ya kutobagua rangi, dini au jinsia zinaanzia watu 15. Wanapenda kuzichanganya hizo.

Halafu kuna hili ambalo naona ndo shida yako kubwa, we unajibu kama nesi. Swali linakuja hivi: mkazi anapungua uzito na familia inalalamika, administreta afanye nini kwanza? Mkono wako unakimbilia kumpima, kuangalia anakula nini, kumpigia daktari. Nesi mzuri kabisa, lakini hapo we ni administreta, unahakikisha mkurugenzi wa uuguzi na timu yake wamelibeba, unauliza kama wengine pia wanapungua, unaangalia kama ni mtu mmoja au ni mfumo wa jikoni umeharibika. Wale vijana unaowasema hawana hiyo kazi ya kuusahau unesi, ndo maana wamekupita. Ukisoma kila swali jiulize nani anatakiwa kufanya hiki, na jibu linalomfanya administreta aingie chumbani kufunga bandeji liache.

Isipokuwa unyanyasaji. Hapo ukiona tuhuma, kwanza mkazi awe salama, mtuhumiwa atolewe karibu na wakazi, ripoti iende kwa jimbo ndani ya masaa 2, uchunguzi uendelee na matokeo yake yafike ndani ya siku 5 za kazi. Usichague jibu la kusubiri uchunguzi uishe ndo uripoti, hata kama limeandikwa kwa busara sana.

SWALI: Shikamoo. Mi niko California namalizia AIT, sina unesi nimesomea biashara. Kinachonichanganya ni namba, kitabu kinasema hivi, hapa kazini tunafanya vile, na noti nilizopewa na rafiki zinasema kingine kabisa. Nikariri zipi?

JIBU: Marahaba kaka. Za serikali kuu. Mtihani wa NAB ni wa nchi nzima kwa hiyo haukuulizi California inataka nini, mambo ya California utayakuta kwenye mtihani wa jimbo lenyewe, kila kitu na daftari lake. Chukua mfano wa wauguzi: California wana kiwango chao cha masaa 3.5 ya huduma kwa mkazi kwa siku, we hapo kazini unaishi na hiyo 3.5 asubuhi mpaka jioni, ukiingia nayo kwenye mtihani wa taifa umekosa. Noti za rafiki yako kama zina 3.48 nazo ziangalie vizuri, hiyo ilikuja na kanuni ya serikali kuu ya 2024 na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitupilia mbali Aprili 2025. Ile ya zamani unayotakiwa kuwa nayo kichwani ni RN masaa 8 mfululizo, siku zote 7 za wiki, na wauguzi wa kutosha kwa mahitaji ya wakazi.

Namba nyingine usizikariri kama namba za simu, mfuate mkazi mmoja tangu anaingia mlangoni. Ndani ya masaa 48 awe na mpango wa awali wa huduma. Tathmini kamili, hiyo MDS, ikamilike ndani ya siku 14, na mpango kamili wa huduma siku 7 baada ya hapo. Daktari amwone kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, baadae angalau kila siku 60. Mfamasia apitie dawa zake kila mwezi, na makosa ya dawa ya nyumba nzima yasifike asilimia 5. Chakula cha jioni mpaka cha asubuhi yasizidi masaa 14, labda kama kuna kitafunwa cha maana usiku na wakazi wamekubali, hapo inaenda 16. Nyumba ikizidi vitanda 120 lazima kuwe na ofisa ustawi wa jamii wa muda wote. Ukimtembeza huyo mkazi mara kadhaa kichwani utashangaa zinavyokaa zenyewe.

Na kwa kuwa we ni mtu wa biashara, weka nguvu kwenye huduma na ukaguzi, kinyume na nesi hapo juu. Ile jedwali ya wakaguzi ya A mpaka L hasa, inayopanga makosa kwa uzito wake na kwa wakazi wangapi wameguswa, ujue J, K na L ni hatari ya papo hapo hata kama imemgusa mtu mmoja.

SWALI: Nikifaulu Texas nikahamia jimbo lingine narudia mtihani?

JIBU: Wa NAB kwa kawaida hapana, matokeo yako unaomba yatumwe kwenye bodi ya huko. Ila leseni ni mali ya jimbo, tangu Congress ilipobadilisha sheria mwaka 1967 ikayataka majimbo ndo yatoe leseni, kila jimbo likaunda bodi yake na masharti yake, masaa ya AIT yanatofautiana, elimu inatofautiana, na majimbo kadhaa yana mtihani wao wa sheria za hapo hapo. Soma masharti ya bodi ya unakohamia kabla hujaacha kazi.