Mwavuli wa kijani wa Goya

Wiki hii mmeuliza kama mchoraji anayefanya kazi kwa oda ya mteja anaweza kutoa sanaa ya kweli. Nasema anaweza, na shahidi wangu ni El quitasol (yaani mwavuli wa jua), picha ya mchoraji Mhispania Francisco de Goya iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid.

Goya aliichora mwaka 1777, akiwa na miaka 31. Kilichoagizwa kilikuwa kielelezo tu. Wafumaji wa kiwanda cha kifalme cha Santa Bárbara wangekifuata kufuma zulia la ukutani la chumba cha kulia cha mrithi wa ufalme wa Hispania na mkewe, katika kasri la El Pardo. Hata vipimo hakujichagulia: sentimita 104 kwenda juu na 152 kwenda pembeni, kwa sababu zulia lilikuwa la kukaa juu ya mlango.

Sasa itazameni. Msichana ameketi kwenye kijiinuko, sketi yake ya manjano imetandazwa, kijibwa cheusi kimelala mapajani, anatutazama huku akitabasamu. Nyuma yake kijana amesimama akimkinga jua kwa mwavuli wa kijani. Nguo za msichana ni za Kifaransa, kama ilivyopendwa enzi ile ya rokoko, mtindo wa sanaa wenye madoido na wepesi. Kijana amevaa kama vijana watanashati wa mitaa ya Madrid. Kwangu mimi, picha yote iko kwenye uso wa yule msichana. Kivuli cha mwavuli kimemwangukia usoni, lakini si kivuli cheusi. Kina wepesi, kinapitisha mwanga, na chini yake kifua na sketi vinawaka jua kali. Ukikaa nayo kidogo unaanza kulihisi joto la mchana ule.

Na masharti ya kazi ndiyo yaliyomfikisha hapo. Kwa kuwa zulia lingetazamwa kutoka chini, aliwaweka watu wake juu yetu, mbingu ikiwa nyuma yao. Nyuzi nazo hazibebi vijimambo vingi, hivyo rangi ni chache, pana na za wazi. Sharti hilo halikuwa la mzaha: mwaka uliofuata kiwanda kilimrudishia picha yake ya kipofu mpiga gitaa airahisishe, maana ilikuwa ngumu kufumwa.

Wanaodai kwamba oda huua ubunifu wanionyeshe ni wapi umekufa kwenye uso ule.

Mazulia yalipokwisha kufumwa, vielelezo viliviringishwa vikawekwa stoo kwenye kasri la mfalme, na mwaka 1870 vikapelekwa Prado. Atakayejaliwa kufika huko achuchumae kidogo mbele ya El quitasol. Ilikusudiwa kutazamwa kutoka chini, na ukiwa chini ndipo utaona jinsi wale wawili walivyokaa sawasawa.