Kalamu ya kupimia noti hupima karatasi tu

Mkuu uliyeuliza kwa nini dola 100 yako ilipita vizuri kwenye kalamu halafu benki wakaikataa: kalamu haikukosea. Ilijibu swali lake, si lako.

Nimekaa dirisha la kubadilishia fedha za kigeni miaka tisa, kwa hiyo kalamu ile naijua. Ndani yake kuna iodini. Iodini ikigusa wanga hugeuka nyeusi au buluu nzito. Karatasi za kawaida za kuandikia na kuchapia huwa zimetiwa wanga, wakati karatasi ya dola ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, wanga hauna nafasi. Alama ikibaki njano hafifu unaambiwa noti ni nzima. Siri yake yote ndiyo hiyo. Ukimletea mchoro uliochapwa kwenye karatasi isiyo na wanga, ataupitisha. Na noti halali iliyopita kwenye maji ya wanga ya dobi, ataikataa mbele ya mwenye nayo. Nimeyaona yote mawili.

Hilo la kwanza lilinigharimu. Mteja alileta dola 100 tano za toleo la 1996, lile lenye sura kubwa ya Benjamin Franklin. Foleni ndefu, jioni imeshaingia. Nikapitisha kalamu, njano zote tano. Nikazipapasa: ukakamavu ule ule, na ule mlio mkavu ukiikunja. Nikalipa. Wakati wa kufunga hesabu, msimamizi wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akazipanga chini ya taa ya urujuanimno (UV). Kila noti ina uzi wa usalama, mstari mwembamba uliofichwa ndani ya karatasi. Nyuzi nne zikawaka pinki. Wa tano ukawaka buluu. Akaiinua juu ya balbu, akaitazama kidogo, akaniita: "Mwanangu, njoo unieleze Lincoln anatafuta nini humu."

Kwenye alama ya maji, ile sura iliyofichwa ndani ya karatasi inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, alikuwa Abraham Lincoln kabisa, yule wa dola 5, ndevu na kila kitu, ubavuni mwa Franklin aliyechapwa kwa wino. Uzi ukisomeka USA FIVE. Ilikuwa dola 5 halali iliyooshwa wino kwa kemikali, ikachapwa upya kuwa 100. Karatasi halali, uzi halali, alama ya maji halali, ila vyote vya noti nyingine. Pengo lile lilikatwa kwenye mshahara wangu.

Wenyewe Wamarekani waliliona tatizo hilo. Uzi wa dola 5 ya zamani ulikaa upande ule ule unaokaa uzi wa 100, yaani kushoto kwa sura, kwa hiyo mtu aliyeona mstari tu aliridhika. Dola 5 iliyotoka 2008 uzi wake ukahamishiwa kulia, na Lincoln akaondolewa kwenye alama ya maji, mahali pake pakawekwa tarakimu 5 kubwa. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeanza kazi: usiulize kama uzi upo. Usome. Usiulize kama kuna sura kwenye alama ya maji. Uliza ni ya nani.

Sasa, ukiwa huna taa wala mashine, anza na vidole. Noti nyingi za karatasi huchapwa sehemu zake muhimu kwa bamba lililochongwa: wino hujaa kwenye mifereji ya bamba, kisha karatasi hugandamizwa kwa nguvu kubwa hadi wino ule unasimama juu yake kama kovu. Huo ndio mparuzo. Kwenye dola 100 ya sasa, pitisha kucha kwenye bega la Franklin, kwenye koti lake. Noti ya printa inateleza tu. Noti iliyochakaa mparuzo hupungua, lakini hauishi.

Kisha iinue kwenye mwanga. Alama ya maji halisi haichapwi, hutengenezwa karatasi ingali rojo: mahali nyuzi za pamba zimejaa huwa giza, mahali zimepungua huwa peupe. Kwa hiyo sura ina vivuli vinavyoingiana taratibu, kama picha. Wanaoghushi huichora kwa wino wa kijivu au mafuta, na kingo zake hukatika kama muhuri. Tena ya kuchora mara nyingi unaiona hata noti ikiwa imelala mezani.

Halafu iinamishe, na hapa ndipo ninapopapenda mwenyewe. Mashine ya kunakili hupiga picha noti kwa mwanga mmoja, pembe moja. Wabunifu wakaamua kuweka vitu ambavyo picha moja haiwezi kuvibeba. Toleo la 1996 lina tarakimu 100 kwenye kona ya chini, kulia, inayotoka kijani hadi nyeusi ukiigeuza. Toleo lililoanza kutumika Oktoba 2013 likaenda mbali: utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi yenyewe, wenye lenzi ndogo ndogo zisizohesabika. Ndani yake kuna kengele na tarakimu 100. Inamisha noti mbele na nyuma, vinasogea kushoto na kulia. Inamisha kushoto na kulia, vinapanda na kushuka. Mara ya kwanza nilikaa naichezea mpaka mteja akakohoa. Pembeni ya utepe kuna kidau cha wino cha rangi ya shaba, na kengele ndani yake inatokea na kupotea kwa kugeuka kijani. Wanaoghushi hubandika utepe wa plastiki unaong'aa. Unameta kweli, lakini hautembei. Kumeta si kitu. Hata karatasi ya pipi inameta.

Euro za toleo la Europa, yaani zilizoanza kutoka 2013, zina tarakimu ya kijani inayogeuka buluu nzito, na mstari wa mwanga unaopanda na kushuka juu yake.

Umeuliza pia noti za plastiki. Australia ndio walioanzisha, 1988, na chanzo chake kilikuwa noti bandia za dola 10 zilizowatokea 1966, mwaka ule ule walioanza kutumia dola. Uingereza nao waliacha kabisa noti za karatasi mwisho wa Septemba 2022. Kwa hizi kalamu itupe kapuni, haina la kupima. Tazama dirisha angavu, ile sehemu ya noti unayoona ng'ambo yake, na hasa kingo zake: kuna wanaokata tundu na kuziba kwa plastiki. Kwenye halali hakuna kiungo, dirisha na noti ni kitu kimoja.

Kuhusu yale maneno kwamba mashine ya kunakili hugoma kunakili noti, hiyo si hadithi. Noti nyingi zina viduara vitano vidogo vilivyopangwa kwa namna moja, na mashine nyingi za rangi zikiviona zinakataa kazi. Mtaalamu wa kompyuta Markus Kuhn ndiye aliyevitambua, 2002.

Jambo moja linalowaumiza wateja bure: dola ya zamani isiyo na utepe wa buluu si bandia kwa hilo. Marekani haijafuta matoleo yake ya nyuma, na nyuzi zenyewe zilianza na toleo la 1990. Soma mwaka kwanza, ndipo udai alama za mwaka huo.

Ukinunua taa ya urujuanimno, ndogo ya betri inatosha, ila itumie pasipo na mwanga mkali. Karatasi ya ofisini itawaka buluu-nyeupe yote. Ya noti hubaki giza, uzi tu ndio uwake. Pinki kwa dola 100, njano kwa 50, kijani kwa 20, rangi ya chungwa kwa 10, buluu kwa 5. Ukikuta noti nzima inawaka kama shati jeupe, usipige kelele kwanza, soma uzi. Kama ni pinki na unasomeka USA 100, huenda ilisahauliwa tu mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga.