Wakikuandikia "haijathibitishwa" hawajakuita mwongo

Mkuu nimesoma malalamiko yako yote, kwamba ulimwona kitwitwi asiyekuwemo kwenye orodha ya ndege wa eneo lenu, we unasema ni Calidris melanotos, ukatuma taarifa na picha mbili kwa kamati inayopitia rekodi za ndege adimu, wakakaa nayo wiki kadhaa afu wakarudisha neno moja, "haijathibitishwa", na sasa unauliza kama hao jamaa wanakuona mwongo au wanabania orodha ibaki yao peke yao. Mimi nshakaa pande zote mbili, nimetuma za kwangu zingine zikapita zingine zikagonga mwamba, na kwa miaka kadhaa sasa ni mmoja wa wanaojitolea kuzisoma za wenzao, kwa hiyo ngoja nikueleze kinachoendelea huko ndani, maana watu wengi wanakata tamaa hapo hapo kwenye hilo neno na inaniuma sana, tunapoteza watu wenye macho mazuri.

Anayesoma taarifa yako hana ndege mbele yake, ana maandishi tu na hizo picha. Na swali lake kubwa ni hili: mtu ambaye hakuwepo, akiikuta hii rekodi miaka hamsini ijayo wakati wote tumeshafukiwa, ataweza kusema ndo huyu na hawezi kuwa mwingine? Basi. Unaweza ukawa umemwona kweli kabisa na bado taarifa yako isiweze kujibu hilo swali. Hayo ni mambo mawili tofauti na ukiyachanganya utaumia bure.

Sasa tuje kwa ndege wako. Calidris melanotos anazaliana Siberia na kaskazini ya Amerika, wengi wao wanateremka Amerika Kusini kukwepa baridi, kwa hiyo kumkuta upande mwingine wa dunia inawezekana, tena ni mmoja wa wale wanaojulikana kwa kupotea njia. Hapo hakuna anayekubishia. Shida ni kwamba kwenye tope la namna hiyo hiyo anapatikana ndugu yake Calidris pugnax, anayekuja kwa makundi makubwa kila kaskazini kukiwa na baridi, na jike lake ni dogo, la kahawia, mgongo una magamba magamba, miguu inaweza kuwa na unjano, yaani mtu akimwona kwa mbali jioni anaapa ni huyo huyo wako. Kabla msomaji hajakubali adimu lazima kwanza amwondoe huyu wa kawaida, na kazi ya kumwondoa ni ya kwako uliyekuwepo, yeye hawezi kukufanyia.

Na anaondolewa hivi. Kifua cha melanotos kina michirizi myembamba imebanana, inashuka kutoka shingoni afu inakatika ghafla kama imepigwa rula, chini yake tumbo jeupe safi. Cha pugnax kimefifia tu, rangi ya mchanga inayoyeyuka taratibu kuelekea tumboni, hakuna mpaka. Akiruka, pugnax anaonyesha madoa mawili makubwa meupe ya umbo la yai, moja kila upande juu ya mkia, karibu yakutane, wakati melanotos weupe wake wa pembeni ni mwembamba na katikati kuna weusi mpana. Afu sauti, pugnax kwa kawaida ni bubu, melanotos akishtuka anaruka na mlio wa kukwaruza, "krrrt". Mdomo nao, wa melanotos umepinda kidogo kwenda chini na pale unapoanzia una rangi nyepesi. Ukubwa usiutegemee peke yake hata siku moja, ndege akiwa peke yake kwenye tope tupu jicho linadanganywa na umbali, ukubwa unasaidia pale tu amesimama bega kwa bega na ndege mwingine unayemjua.

Umesema kwenye taarifa uliandika "kifua kina michirizi, miguu ya njano, nina uhakika asilimia mia", na picha zote mbili unasema zimempata kwa nyuma kichwa kimezama kwenye tope. Lakini humu, unavyotusimulia sisi kwa hasira, umetaja kwamba aliruka akilia "krrt krrt" na kwamba tumbo "lilianza jeupe ghafla". Mkuu, hiyo ndo taarifa! Vitu viwili vinavyommaliza pugnax umetuambia sisi na wao hukuwaambia. Asilimia mia yako haimsaidii msomaji kwa lolote, ila lile "krrt" na lile neno "ghafla" yanamsaidia sana.

Nshaona hii mara nyingi mno. Mtu anafikiri taarifa ndefu itaonekana ni ya mtu asiyejiamini, anaandika kifupi kama wataalamu. Kinyume chake kabisa, taarifa zinazopita kirahisi hata bila picha ni zile ndefu zenye ukweli mdogo mdogo, jua lilikuwa upande gani, alikuwa umbali gani, nilimtazama muda gani, kwa darubini gani, alikuwa na nani, alikula vipi, nani alikuwa pembeni yake, nini nilikiona na nini SIKUKIONA. Hilo la mwisho watu wanaliogopa bure. Ukiandika "sikuona vizuri juu ya mkia kwa sababu aliruka kuelekea kwangu" nakuamini zaidi kwenye hayo mengine uliyosema umeyaona.

Na uandike palepale, kabla hujafungua kitabu wala simu. Hili nalisema kwa kila mtu na ntaendelea kulisema. Ukishatazama mchoro, kumbukumbu yako inaanza kuazima kutoka kwenye mchoro bila we kujua, kesho yake unaapa uliona alama ambayo uliiona kitabuni. Mimi nikipokea maelezo yanayofuata mpangilio wa kitabu neno kwa neno nasimama hapo hapo, ila nikipokea daftari limepigwa picha, mwandiko umekimbia, kuna kimchoro cha hovyo na mshale umeandikwa "hapa inakatika!!", hapo nakaa sawa kwenye kiti.

Kuhusu picha. Tuma faili la asili jinsi lilivyotoka kwenye kamera, usikate, usiongeze mwanga, na kwa heshima zote usipitishe kwenye hizi programu za kunolesha picha, kwa sababu nyingi siku hizi zinajaza manyoya ambayo kamera haikuyaona, unapata ndege mzuri anayeng'aa ambaye hakuwepo pale. Picha zote tuma, hata zile mbaya, iliyotikisika wakati anaruka ndo mara nyingi inaonyesha bawa. Angalia saa ya kamera iko sawa. Kama huna lenzi ndefu weka simu kwenye darubini upige hivyo hivyo. Na rekodi sauti, simu yoyote inatosha, ukimaliza taja kwa mdomo tarehe, mahali na ulichokiona, hiyo inabaki ndani ya faili milele. Mambo ya "app imesema ni yeye" usiyatumie kama ushahidi. Merlin, ile app ya kutambua ndege, ni nzuri, naitumia, ila kazi yake ni kukupendekezea jina, na kuna ndege wanaoiga sauti za wenzao. Tunza ile sauti yenyewe, hiyo ndo shahidi.

Sasa kwa nini ukali wote huu kwa kitwitwi mmoja? Kwa sababu rekodi ya uongo au ya makosa haikai kimya kwenye orodha, inatembea. Richard Meinertzhagen mnamkumbuka, ofisa wa Kiingereza, huyu huyu aliyempiga risasi kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei mwaka 1905 kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Huyo huyo alikuwa akijulikana dunia nzima kama bingwa wa ndege. Kuna bundi mdogo wa India, Athene blewitti, ambaye vielelezo vyake vyote vya kweli, yaani ndege waliojazwa na kutunzwa makumbusho, vilikusanywa kabla ya 1885, na Meinertzhagen akadai alimpata mwingine mwaka 1914 huko Gujarat. Watu wakamwamini, nani angembishia mtu wa cheo chake. Watafutaji waliokuja baadaye wakarudi mikono mitupu, kuna walioanza kusema ameshatoweka. Mpaka mtaalamu wa ndege Pamela Rasmussen alipokaa na kile kielelezo mezani akachunguza kilivyojazwa na kushonwa, akagundua ni ndege aliyekusanywa na mtu mwingine, James Davidson, miaka ya 1880, ameibwa makumbusho, akafumuliwa, akashonwa upya na kubandikwa lebo ya uongo. Rasmussen na wenzake wakaachana na hiyo Gujarat, wakafuata rekodi za zamani zilizo safi, na Novemba 1997 wakamkuta bundi yule hai huko Maharashtra. Yaani ndege alikuwepo miaka yote hiyo! Lebo moja ya uongo ilichafua ramani ya ndege ambaye alihitaji kulindwa, na hakuna aliyeomba ushahidi kwa sababu mdai alikuwa mtu mkubwa. Ndo maana napenda taarifa ya mgeni na ya bingwa zisomwe kwa kipimo kilekile.

Na si lazima kuwe na uongo. Yule kigong'ota mkubwa wa Marekani mwenye mdomo wa rangi ya pembe za ndovu, kuonekana kwake kwa mwisho kunakokubalika na wote ni 1944 huko Louisiana. Mwaka 2005 jarida la Science likatoa habari kwamba amepatikana Arkansas, na ushahidi mkubwa ulikuwa video fupi yenye ukungu iliyopigwa Aprili 2004. Wataalamu kwa wataalamu, watu waaminifu wote, wakabishana kuhusu weupe wa bawa: je uko kwenye ukingo wa nyuma, ambao ndo alama yake, au ni weupe wa chini ya bawa la kigong'ota mwingine wa kawaida anayefanana naye? Video ilikuwa haina uwezo wa kujibu. Hapo hakuna aliyemwita mwenzie mwongo, ushahidi ndo haukufika.

Hata ndege akiwa mkononi mambo hayaishi. Somalia mwaka 1988 alionekana ndege mmoja wa rangi ya ajabu, akakamatwa, akachukuliwa damu na manyoya, akaachiwa hai, na mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus. Mwaka 2008 vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni rangi tu isiyo ya kawaida ya ndege anayejulikana tayari. Lakini angalia uzuri wake, kwa vile walitunza damu na manyoya, swali liliweza kufunguliwa upya baada ya miaka yote ile na likapata jibu. Bila vile vielelezo tungebaki tunabishana mpaka leo.

Kamati zenyewe si chumba cha siri. Uingereza wana yao tangu 1959, wapiga kura kumi, Afrika Mashariki nayo ina yake, na utaratibu kwa sehemu nyingi unafanana, kila mjumbe anasoma peke yake, anapiga kura na sababu, wakigawanyika inazunguka tena. Muhimu zaidi, iliyokataliwa haichomwi moto, inabaki kwenye faili na ushahidi mpya ukija inafunguliwa. Ambacho mimi siwatetei nacho ni hili jibu la neno moja. Mtu ametembea kwenye tope, ameandika, ametuma, halafu unamrudishia neno moja kama risiti? Anastahili sentensi mbili za kumwambia kilichopungua ni nini. Hapo hasira yako naielewa na ningekuwa wewe ningewaandikia kwa adabu niwaombe sababu, wengi watakujibu vizuri.

Kitu kimoja zaidi kabla sijasahau, maana nimeona mdau hapo juu anakuomba uweke mahali kamili ili watu waende. Kwa kitwitwi anayepita njia sio mbaya, ila akiwa ndege adimu aliye kwenye kiota, au bundi, au yeyote anayewindwa na wafanyabiashara wa ndege, mahali kamili mpe msomaji wa taarifa peke yake, hadharani taja eneo kwa ujumla. Nshaona kiota kikitelekezwa kwa sababu ya watu waliokuja kwa mapenzi mema na kamera zao, wakampigia sauti ya ndege mwenzie kwenye spika tangu asubuhi mpaka jioni. Rekodi yoyote haina thamani ya kiota.

Kwa hiyo leo fanya hivi. Kaa uandike yote uliyoyataja humu, mlio, mpaka wa tumbo, umbali, mwanga, na juu kabisa weka wazi kwamba umeyaandika siku kadhaa baadaye, usirudishe tarehe nyuma. Yule rafiki uliyesema mlikuwa naye aandike ya kwake peke yake bila kusoma ya kwako, na mkitofautiana msisawazishe, tumeni hivyo hivyo. Ambatisha picha zote asilia ikiwemo ile uliyosema imetikisika akiwa anaruka, hiyo hasa, maana kama mkia unaonekana hata kidogo yale madoa ya pugnax yatakuwepo au hayatakuwepo. Na kama tope hilo bado lina maji rudi kesho alfajiri na simu ikiwa tayari kurekodi, waliopotea njia mara nyingi wanakaa siku kadhaa penye chakula, na ukimpata tu mtumie ujumbe huyo huyo aliyekukatalia, umwambie aje amwone mwenyewe.