Ile kandambili niliyopewa

Swali lenu la wiki hii, eti ubabe wa wanafunzi wa sekondari unatoka nyumbani au kwa marafiki. Mi nasema marafiki, na sijaambiwa na mtu. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko migombani juu ya Moshi, na kwetu njuka, yaani mwanafunzi mgeni, akifika lazima usiku apandishwe juu ya tranka lake ajitambulishe, jina, shule aliyotoka, alafu aimbe, akikosea anakula makofi, mi mwenyewe nilikula ya kwangu nilipoingia kwa hiyo niliona ndo utaratibu.

Sasa kuna dogo akapanda, kumbe ana kigugumizi, jina lenyewe halitoki, bweni zima linacheka mpaka dabo deka zinatikisika. Mtu akanipa kandambili, imetoka bafuni inachuruzika maji. Nikampiga nayo ya shavu. Baada ya hapo wala sikumwangalia yeye, niligeuka kuangalia kama wenzangu wamecheka. Na kwetu hakukuwa na mambo ya kupigana kabisa, mzee wangu mpole hatari.

Jamaa mmoja wa darasa letu, mkimya, akasema akiwa kitandani, "Muacheni akalale bana, mnaboa." Basi. Wawili watatu wakadakia kweli bana imetosha, na mi nikajisikia nasema imetosha, kandambili bado ninayo mkononi! Kesho yake tukachapwa paredi sisi tuliopiga, waliocheka wakaenda zao darasani.

Nilipofika chuo cha ualimu ndo nikafundishwa habari za Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1950 aliwaweka watu walinganishe urefu wa mistari, kitu cha wazi kabisa, ila wote wamepangwa kutoa jibu la uongo isipokuwa mmoja asiyejua mchezo. Karibu robo tatu ya hao wasiojua walifuata mkumbo angalau mara moja, lakini akiwepo hata mwenzake mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata kulishuka sana. Mkufunzi anaendelea kuandika ubaoni, mi nipo bwenini.

Januari kijana wangu anaenda kidato cha kwanza, bweni pia. Juzi tulikuwa sokoni Kiborloni na karatasi ya mahitaji, tranka, kufuli, ndoo, shuka, tulipofika kwenye kandambili nikampa mama yake hela achague yeye.